Mwanangu amejiunga na jeshi la akiba upande wa mawasiliano: ni askari au ni fundi?

Msomaji mmoja, mama anayeishi mtaa wa Umoja hapa Nairobi, ameniandikia hivi: "Mwanangu yuko Uingereza, mwaka wa saba sasa. Kazi yake ni kuunganisha faiba na mitambo ya intaneti. Mwaka jana alijiunga na jeshi la akiba la huko, upande wa mawasiliano, Royal Signals. Wikendi nyingine anavaa magwanda, na Jumatatu yuko kazini kama kawaida. Nikimuuliza, wewe ni askari au ni fundi, anacheka tu. Linaloniuma zaidi ni kwamba akienda huko simu yake huzimwa siku mbili nzima, na eti yeye ndiye mtu wa mawasiliano! Nieleze kikosi kama hicho ni cha nini, kilianzaje, na kama anaweza kupelekwa vitani. Na hapa kwetu, je, kimewahi kuwapo?"

Mama, swali lako nimelisoma mara mbili, kwa sababu ndani yake mna maswali manne na lile la simu kuzimwa si dogo hata kidogo. Mwanao ni askari. Amekula kiapo, anafundishwa kutumia bunduki, na akiwa kazini jeshini yuko chini ya sheria ya kijeshi kama wenzake wa kudumu. Lakini pia ni fundi, na ufundi huo ndio uliowafanya wamtake. Vikosi vya akiba vya mawasiliano vilibuniwa kwa ajili ya watu wa namna yake hasa: watu ambao Jumatatu hadi Ijumaa wanaifanya kwa mikono yao kazi ileile ambayo jeshi litaihitaji siku mambo yakiharibika.

Lugha yetu ina neno linalolibeba jambo hili lote. Tunasema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Katika miji ya pwani, mgambo ulikuwa ule wito wenyewe: mtu anapuliza pembe, watu wanaacha shughuli zao, wanakusanyika kusikia habari. Baadaye ndugu zetu wa Tanzania wakalichukua neno hilo wakawapa raia waliofunzwa silaha, jeshi la mgambo. Kwa hiyo neno moja likawa jina la habari inayopigwa na pia la watu wanaoitikia. Sijui lugha nyingine iliyoweka vitu hivyo viwili karibu namna hiyo, na kila ninapowafundisha vijana kuhusu akiba ya mawasiliano huwa naanza na mbiu.

Sasa twende kwenye wikendi zake. Ijumaa jioni anaripoti kwenye jumba la mazoezi la kikosi chake. Anapokea redio, betri, nyaya, na kila kitu kinahesabiwa na kutiwa sahihi. Wanapanda magari, wanakwenda porini au kwenye kambi ya mazoezi, na mara nyingi wanafika usiku. Hapo kazi inaanza bila taa: kusimamisha mlingoti wa antena, kulielekeza sahani la setilaiti, kutandaza waya kutoka hema hadi hema, kuliweka jenereta mbali kiasi kwamba kelele na moshi wake visiwaonyeshe wako wapi. Kisha wanapanga funguo za kusimba ujumbe, yaani kuufumba kwa hesabu ili adui akiunasa asiambulie kitu. Kila kituo lazima kiwe na funguo zilezile za siku ileile. Kikosi kizima kinaweza kunyamaza kwa sababu opereta mmoja amepakia funguo za jana.

Baada ya hapo ofisi ya kamanda inapata simu, ramani na ujumbe wake. Wanakaa saa chache, wanaandika kila ujumbe kwenye daftari pamoja na saa ulipoingia na saa ulipotoka, halafu amri inakuja: pakieni. Wanang'oa kila kitu na kuhamia mahali pengine, kisha wanaanza upya. Mtu asiyejua anaweza kuona ni usumbufu wa bure. Ukweli ni kwamba antena inayosema inasikika na marafiki na maadui vilevile. Vipokezi viwili au vitatu vikiwekwa mbalimbali na kila kimoja kikapima upande sauti inakotoka, mistari inakutana kwenye ramani, na pale inapokutana ndipo kombora litakapoanguka.

Ndiyo sababu ya ile simu kuzimwa, mama. Simu ya mkononi ni redio ndogo inayojitangaza kwa mnara kila mara hata ikiwa mfukoni. Wanajeshi mia moja wakiwa na simu mia moja katika shamba moja ni kama kuwasha mioto mia moja usiku. Tarehe 1 Januari 2023 jengo walimolala wanajeshi wa Urusi huko Makiivka, mashariki mwa Ukraine, lilipigwa kwa makombora, na wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ikasema chanzo kilikuwa matumizi ya simu za mkononi. Hivyo mwanao anapokunyima sauti yake siku mbili anajifunza kitu kigumu kuliko kuongea kwenye redio, nacho ni kunyamaza. Aliyefunzwa vizuri katika kazi hii husema maneno machache na mafupi, mahali anapojua kwamba anaweza kuhama.

Kuna sehemu ya kazi hiyo ambayo sitaki kuipita haraka, kwa kuwa ndiyo iliyoniteka mimi nikiwa kijana. Mawimbi ya redio hayako sawa. Masafa ya juu, kama yale ya redio za walinzi wa majengo wanaosemeshana "roja, ova" pale mjini, husafiri karibu na mstari ulionyooka. Ukiwa Umoja na unataka kuongea na mtu aliyeko Magadi, milima ya Ngong imesimama katikati kama ukuta. Dawa ni kupeleka kituo cha kupokeza juu ya Ngong: kinakusikia wewe, kinamtupia yule. Ndiyo maana mgongo ule umepandwa milingoti. Lakini ukitaka kuongea na Mandera au Lodwar, hata Ngong haitoshi. Hapo unashuka kwenye masafa mafupi, yale tuliyoyaita zamani simu ya upepo, ambayo hupanda angani yakagonga tabaka lenye umeme na kurudi chini mbali kabisa. Tabaka hilo hubadilika na jua. Masafa yanayofika vizuri adhuhuri hufa usiku wa manane, kwa hiyo opereta lazima ashuke kwenye masafa ya chini jua linapozama na kupanda tena kukicha. Akisahau, anaamka amekuwa kiziwi na hakuna kilichoharibika kwenye chombo chake.

Mzee aliyenifundisha kuunga nyaya, katika shirika nililoanzia kazi, alikuwa amerudi kutoka Burma na vikosi vya mawasiliano vya Afrika Mashariki. Alitufunika mikono kwa gunia, akatutaka tuunge waya kwa kugusa tu, tena na tena, mpaka vidole vijue bila macho. Tulidhani anatutesa. Miaka mingi baadaye, usiku wa mvua ya masika, niko juu ya nguzo huko Kinangop na tochi imekufa, vidole vyangu vilifanya kazi yenyewe. Nikamkumbuka.

Kwa nini basi jeshi lisiajiri mafundi wake wote wa kudumu? Kwa sababu wakati wa amani halina kazi ya kuwapa wote, na wakati wa vita hawatoshi. Fundi wa mawasiliano hawezi kuwekwa ghalani kama risasi. Akikaa miaka miwili bila kugusa mtambo mpya, mtambo umeshabadilika. Mwajiri wake wa kiraia anamnoa kila siku bila jeshi kulipa senti.

Waingereza walifika kwenye wazo hilo kupitia posta. Mwaka 1867 kulikuwa na hofu ya mashambulizi ya wanaharakati wa Ireland jijini London, na wafanyakazi wa posta wakaombwa kulinda ofisi zao. Mwaka uliofuata, 1868, wakaundiwa kikosi cha kujitolea cha bunduki, ambacho kilikuja kujulikana kama Post Office Rifles. Walikuwa makarani, wapanga barua na watu wa telegrafu waliofanya mazoezi baada ya kazi. Mwaka 1882 Uingereza ilipopeleka jeshi Misri, kikachomolewa kutoka kwa watu hao kikosi maalumu cha posta ya jeshini. Miaka michache baadaye watu wa telegrafu nao wakaandikishwa kuwa akiba ya wahandisi wa jeshi. Ona mpango ulivyokuwa: mtu yuleyule anayepiga nukta na vistari katika ofisi ya London ndiye atakayepiga nukta na vistari jangwani, bila kufundishwa upya.

Halafu akaja waziri wa vita Richard Haldane. Sheria yake ya 1907, iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1908, ilivikusanya vikundi hivyo vilivyotawanyika vikawa jeshi moja la akiba, Territorial Force, lenye divisheni 14 za askari wa miguu. Kila divisheni ikawa na watu wake wa mawasiliano, na hilo kwangu ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa maana hadi wakati huo mawasiliano yalihesabiwa kama kitu cha kuazima safari ikifika.

Vita vya 1914 viliwakuta wakiwa tayari kwa kiasi, ingawa hakuna aliyekuwa tayari kwa yale yaliyotokea. Nyaya za simu zilizolazwa juu ya ardhi zilikatwa na mizinga kila saa. Wakazifukia futi 6 chini. Wakatumia njiwa, mbwa, bendera, taa, na wakimbiaji waliobeba karatasi kupitia matope. Kisha ikagundulika kwamba Wajerumani walikuwa wakisikiliza simu za Waingereza kupitia udongo wenyewe, kwani umeme uliokuwa ukivuja ardhini ulinaswa upande wa pili wa mahandaki. Kapteni mmoja wa mawasiliano, A. C. Fuller, akabuni mwaka 1915 chombo kilichotumia umeme mdogo sana kiasi kwamba haikuwa rahisi kuunasa, kikaitwa kwa jina lake, Fullerphone. Posta ya Uingereza ilitoa wafanyakazi wapatao 75,000 kwenda vitani. Katika Post Office Rifles peke yake walipita watu 12,000, na 1,800 kati yao hawakurudi. Ukisikia mtu akisema hao ni askari wa ofisini, mtajie hesabu hiyo.

Kikosi ambacho mwanao amejiunga nacho, Royal Signals, kilizaliwa tarehe 28 Juni 1920, watu wa mawasiliano walipotengwa na wahandisi wakawa na jeshi lao. Nembo yao ni Mercury, tarishi wa miungu ya Kirumi, ambaye wao wanamwita Jimmy. Mwaka 1924 ikaongezwa akiba nyingine ya mafundi wa kiraia waliotakiwa kwa ajili ya ufundi wao, wakiwemo watu wa reli na wa posta, ili vita vikizuka waingie kazini moja kwa moja. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, mafundi hao walikuwa miongoni mwa waliovuka kwenda Ufaransa mapema. Baada ya hapo majina yakabadilika mara kadhaa, na tangu 2014 jeshi lote la akiba linaitwa Army Reserve. Upande wa mawasiliano rejimenti zake zinazojulikana ni ya 32 huko Scotland, ya 37, ya 39 na ya 71, na kila moja imetapakaa katika miji kadhaa ili fundi asilazimike kusafiri nusu ya nchi kwenda mazoezini.

Marekani walifanya vivyo hivyo kwa njia yao. Walipoingia vitani 1917, kampuni za simu ndizo zilizotoa vikosi vya akiba vya mawasiliano, mafundi wakaenda na wasimamizi wao wa kazini wakiwa maofisa wao. Wakachukuliwa pia wanawake 223 waliojua Kifaransa na Kiingereza kuunganisha simu huko Ufaransa. Hao walivaa sare na kula kiapo, kisha wakaambiwa walikuwa raia tu. Walikubaliwa kuwa maveterani mwaka 1977, wengi wakiwa wamekwisha kufa. Kila nikikisoma kisa hicho nahisi uchungu. Na mwaka 1925 jeshi la Marekani likaanza kuwaunganisha wapenzi wa redio, watu wenye mitambo majumbani, katika mtandao wa akiba ambao upo hadi leo. Wakati wa vita vya Vietnam wapenzi hao walikuwa wakiipokea sauti ya kijana kutoka Asia kwa redio na kuiunganisha na simu ya nyumbani kwa mamaye. Mama alifundishwa kusema "ova" kila akimaliza sentensi ili opereta ageuze swichi. Fikiria, mama: nakupenda mwanangu, ova.

Sasa nyumbani. Umeuliza kama kitu hiki kimewahi kuwapo kwetu, na jibu lina pande nyingi.

Vita vya kwanza vilipofika Afrika Mashariki, moja ya shabaha za mwanzo kabisa ilikuwa mlingoti wa redio. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari za Uingereza ziliipiga Dar es Salaam ili kuunyamazisha mtambo wa Wajerumani. Baadaye nyaya zikatandazwa nyuma ya majeshi yaliyokuwa yakisonga, na adui wa nyaya hizo hakuwa Mjerumani peke yake. Twiga walizikata kwa shingo, ikabidi nguzo ziinuliwe juu zaidi. Waliobeba marobota ya nyaya, betri na nguzo walikuwa wengi wao watu wetu wa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, wale walioupa mtaa wa Kariokor jina lake. Ukipita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba zilizozinduliwa 1928, na mmoja wao ni mpagazi asiye na bunduki. Mimi humwona yule mpagazi kama mtu wa mawasiliano pia, maana pale waya ulipokoma, ujumbe uliendelea kwa miguu ya watu kama yeye.

Na ulikoma mara nyingi. Vita vilimalizika Ulaya tarehe 11 Novemba 1918, lakini jenerali wa Kijerumani Lettow-Vorbeck, akiwa karibu na Kasama katika nchi ambayo leo ni Zambia, hakuwa na habari. Alijua siku mbili baadaye, watu wake walipomkamata Mwingereza wa pikipiki aliyebeba ujumbe. Alikabidhi silaha tarehe 25, mji wa Abercorn, sasa Mbala. Watu waliendelea kuwa hatarini kwa vita vilivyokwisha kwa sababu karatasi haijafika.

Jeshi la akiba la kwanza hapa Nairobi kwa maana anayoijua mwanao lilikuwa Kenya Regiment, lililoanzishwa 1937. Lilikuwa la walowezi Wazungu waliofanya mazoezi wakati wao wa ziada, na vita vilipokuja watu wake wengi waligawanywa kuwa maofisa na masajini katika vikosi vya Waafrika. Likavunjwa 1963. Kwa sehemu kubwa ya muda huo Waafrika hawakupewa nafasi ya kuwa akiba ya namna hiyo. Wao waliandikishwa wakati wa vita, wakafunzwa redio, simu na uendeshaji wa magari ya mawasiliano, wakaenda Ethiopia, Madagascar na Burma, wakirudi wakavuliwa sare. Serikali ya kikoloni ilikuwa na hazina ya mafundi waliofunzwa vitani na haikuitunza. Wachache, kama yule mzee wangu, walipata njia ya kuingia kwenye simu na posta. Wengine ufundi wao ulikufa nao shambani, na hilo nalihesabu kuwa hasara ambayo hatujaizungumza ya kutosha.

Mombasa nayo ina kisa chake. Mwaka 1942 wavunja siri wa Uingereza waliofukuzwa na Wajapani kutoka Singapore, wakapita Colombo, walifika Kilindini na kukaa katika jengo la shule ya Allidina Visram, linalotazama bahari. Walisikiliza redio za meli za Japani. Mwezi wa Septemba opereta wa Kijapani alituma ujumbe akasahau sehemu ya mahali meli ilipo, kisha akautuma tena uleule kwa funguo zilezile, safari hii ukiwa kamili. Watu wawili, John MacInnes na Brian Townend, wakaziweka karatasi mbili pamoja, na fumbo la meli za biashara za Japani likafunguka. Kosa la mtu mmoja mchovu. Ndiyo maana nasema makali katika mafunzo ya mwanao si mateso.

Tanzania ilikwenda mbali zaidi na wazo la raia askari. Mgambo ulipewa nguvu kuanzia 1971, na katika vita dhidi ya Idi Amin, 1978 hadi 1979, makumi ya maelfu ya wanamgambo waliitwa. Kwetu sisi, sheria ya Jeshi la Ulinzi la Kenya ya 2012 inatambua jeshi la akiba, lakini Mkenya wa kawaida akisikia neno rizavu anawaza polisi wa akiba wa Turkana au Baringo, wenye bunduki na mifugo ya kulinda. Hao ni kitu tofauti kabisa na kikosi cha mwanao, usiwachanganye. Maoni yangu ni kwamba tunapoteza nafasi. Nairobi imejaa vijana wa faiba, minara na usalama wa mitandao, na mafuriko yakikata barabara na stima, tungehitaji watu waliokwisha kufanya mazoezi ya kusimamisha mawasiliano usiku bila kuulizana nani afanye nini.

Kuhusu vita, sitakuficha. Ndiyo, anaweza kuitwa. Sheria ya Uingereza ya 1996 inaruhusu askari wa akiba kuitwa kwa lazima, na maelfu waliitwa mwaka 2003 kwa ajili ya Iraq, na wengine baadaye wakaenda Afghanistan. Huwa wanaitwa pia kwa mambo ya amani: walisaidia michezo ya Olimpiki ya London ya 2012 na kazi za wakati wa korona mwaka 2020. Akiitwa, kuna sheria ya 1985 inayomlazimu mwajiri kumrudisha kazini akimaliza, chini ya masharti yake. Na kituo cha mawasiliano si mahali salama kwa sababu tu kiko nyuma ya mstari wa mbele. Nimekueleza antena inavyotafutwa. Kwa upande mwingine, kazi kubwa ya rejimenti za akiba huwa ni kuunganisha makao makuu na kushika nafasi za wa kudumu waliotangulia. Sehemu ya kazi hiyo sasa haihitaji hata kutoka nchini: mwaka 2013 Uingereza ilitangaza akiba ya pamoja ya kulinda mitandao, ambako silaha ni kompyuta.

Wajibu wake wa kawaida ni siku 27 za mafunzo kwa mwaka, kambi ya wiki mbili hivi ikiwa ndani yake. Analipwa kwa siku alizofanya, na akitimiza masharti hupata bahashishi ya mwaka isiyokatwa kodi. Kwa hiyo ukihesabu, mama, siku za kunyamaza ni chache kuliko unavyozihisi.

Atakapopiga Jumapili jioni, usimuulize tena kama ni askari au fundi. Muulize walihama mara ngapi, na mlingoti waliusimamisha kwa dakika ngapi gizani. Muulize pia usiku walitumia masafa gani, ingawa hilo anaweza kukataa kukujibu, na akikataa ujue wamemfundisha vizuri. Halafu kabla hajatoka Ijumaa inayofuata, kubalianeni saa: akirudi na kurudishiwa simu, atume neno moja tu, hata "nimefika," kabla ya kuvua buti. Ni utaratibu wa kawaida wa kituo chochote cha redio kuripoti kikiwa hewani tena, naye ataelewa unachokitaka bila maelezo marefu.